HPV: kabla hamjamuuliza "umeitoa wapi"

Kuna rafiki yetu mmoja tuko naye kwenye grupu la WhatsApp la wale tuliosoma wote sekondari, juzi kati aliandika usiku kwamba amepima na majibu yametoka, ana HPV ile ya hatari (kirusi kinachoambukizwa hasa kwa ngono, ambacho kikikaa mwilini miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya shingo ya kizazi). Hakuomba ushauri wala nini, nadhani alitaka tu kulitoa moyoni. Grupu likawaka. Wa kwanza akauliza "umeitoa wapi tena jamani?", wa pili akajibu kwa niaba yake kwamba hapo ni mume tu hakuna mwingine, wa tatu akarusha voisi ndefu ya dada anayeuza dawa za kusafisha kizazi, elfu thelathini kopo na delivari juu, halafu mmoja wetu ambaye ni nesi, na ndo tulikuwa tunamsubiri, akaandika mstari mmoja tu: "nyie wote hapa mkipimwa leo theluthi yenu mtakutwa nayo."

Kimya. Hata emoji hakuna.

Huo mstari ndo umenifanya nikae niandike, maana nesi wetu hakutia chumvi. Mwaka 2010 ilitoka tathmini moja kubwa iliyokusanya tafiti za kutoka dunia nzima, wanawake kama milioni moja hivi, na sio wagonjwa, ni wale ambao kipimo cha seli za shingo ya kizazi kilionyesha wako vizuri tu. Kwa dunia nzima asilimia 11.7 walikuwa na HPV kwenye shingo ya kizazi siku waliyopimwa. Afrika kusini mwa Sahara ikapanda mpaka asilimia 24, na ukija Afrika Mashariki ni asilimia 33.6 (japo Afrika Mashariki ya hao watafiti ni pana kuliko ya kwetu ya EAC, inashuka mpaka Msumbiji na Zimbabwe huko). Kwa hiyo kikoba chenu kikiwa na akina mama thelathini, kumi wanacho hicho kirusi sasa hivi, wamekaa wanahesabu hisa zao, hawaumwi, hawawashwi, hawajui, na wengi wao hawatakaa wajue maisha yao yote.

Na hiyo ni picha ya siku moja tu. HPV inakuja na kuondoka, aliyekutwa hana leo inawezekana alikuwa nayo miaka mitatu iliyopita mwili ukaimaliza wenyewe kimyakimya. Shirika la Afya Duniani linasema karibu kila mtu anayeshiriki ngono atapata HPV wakati fulani wa maisha yake, wanaume kwa wanawake. Karibu kila mtu! Sasa hapo lile swali la "umeitoa wapi" unamuuliza nani, unamwacha nani?

Tuelewane kwanza kidogo kuhusu kirusi chenyewe maana naona watu wanachanganya mambo. HPV sio kirusi kimoja, ni ukoo mzima, aina zaidi ya 200. Nyingi hazina madhara yoyote ya maana, nyingine zinaleta chunjua za kawaida za mikononi, aina ya 6 na 11 ndo zinaleta masundosundo sehemu za siri, na hizo mbili sio ndo za kansa, watu wengi wakiona masundosundo wanajua tayari ni kansa, hapana. Za hatari ni kama 14 hivi, na ndani ya hizo 14 kuna mbili, ya 16 na ya 18, ambazo peke yake zinasababisha kama asilimia 70 ya saratani zote za shingo ya kizazi duniani. Aliyezigundua ni Mjerumani anaitwa Harald zur Hausen, miaka ya 1983 na 1984, wakati ule wenzake wengi walikuwa wameng'ang'ania kwamba mkosaji ni kirusi cha hepesi. Alikuja kupewa Nobeli mwaka 2008.

Sasa kuwa na HPV na kuwa na kansa ni vitu viwili tofauti kabisa, mbingu na ardhi. Katika kila watu kumi walioambukizwa, kama tisa mwili unaisafisha wenyewe ndani ya miaka miwili, bila dawa, bila kopo la elfu thelathini. Anayebaki nayo ndo tunamwangalia. Na hata huyo, kama kinga yake ya mwili iko vizuri, kutoka maambukizi mpaka kansa inachukua miaka 15 mpaka 20. Huo ni muda mrefu mno, mtoto anazaliwa anamaliza kidato cha sita, na katika muda wote huo seli zinabadilika taratibu na zinaonekana kwa mtu aliyefundishwa kuziangalia. Ndo maana saratani hii inaudhi. Ni ya kuzuilika kuliko karibu zote, lakini hapa Tanzania ndo inayoongoza kwa wanawake, wanagundulika zaidi ya elfu kumi kwa mwaka na zaidi ya elfu sita wanakufa. Nenda Ocean Road pale, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ukae kwenye benchi uongee na akina mama wanaosubiri mionzi, wengi stori ni moja, nilianza kutoka damu nikadhani ni hedhi imevurugika, nikaenda kwa mganga, nikapewa dawa za UTI, nikapewa tena, mpaka maumivu ya kiuno yakazidi ndo nikapewa rufaa.

Nirudi kwenye visababishi, maana hapa ndo kuna kitu kinanikera. Ukigugo vihatarishi vya HPV utaletewa listi: wapenzi wengi, kuanza ngono mapema, kutotumia kondomu, sigara, VVU, kuzaa sana, vidonge vya uzazi wa mpango. Yote yamepangwa kwenye mstari mmoja, na mwanamke akisoma anaona kama anasomewa mashtaka. Akimaliza anajihukumu au anamhukumu jirani. Wakati kwenye hiyo listi kuna makundi mawili yasiyofanana hata kidogo: kuna vitu vinavyokuongezea uwezekano wa KUIPATA HPV, na kuna vitu vinavyofanya mwili USHINDWE KUIONDOA. Kuipata, nishasema, ni karibu kila mtu. Kinachoua ni kushindwa kuiondoa halafu hakuna aliyekuchungulia miaka yote hiyo.

Kwenye kuipata, ni kweli idadi ya wapenzi ina nafasi, sitaki kudanganya mtu. Ukiwa na wengi uwezekano unapanda. Lakini hesabu sio ya kwako peke yako, ni ya kwako na ya mwenzio na ya hao waliokuwa na mwenzio kabla yako. Mama aliyeolewa bikira na hajawahi kumjua mwanaume mwingine anaweza kabisa kuwa na aina ya 16, na sio lazima mume awe anachepuka sasa hivi, inawezekana aliipata chuoni huko kabla hajamjua, ikakaa. Kirusi hiki kinaweza kujificha miaka bila kuonekana kwenye kipimo halafu kikaibuka. Kwa hiyo karatasi ya majibu haisemi umeipata lini wala kwa nani. Mtu anayetumia karatasi ya HPV kama ushahidi wa kumfumania mwenzie anatafuta kitu ambacho hakimo mle. Nimeona ndoa moja ikiyumba kwa hilo, wifi mtu ndo alikuwa anapeleka moto, "kaka angalia, hiyo ni ya zinaa hiyo", na wala hajui kwamba na yeye mwenyewe kuna theluthi inamwangalia.

Umri nao. Ukichora mchoro wa nani anazo HPV, unapanda sana kwa wasichana chini ya miaka 25, halafu unashuka, halafu sehemu nyingine za dunia ikiwemo Afrika unainuka tena kidogo kwa wanawake wa miaka ya arobaini na kitu kwenda mbele. Ule mpando wa kwanza unaeleweka, ndo umri wa kuanza mahusiano, na pia shingo ya kizazi ya binti mdogo bado seli zake zinabadilika na kirusi kinaingia kirahisi zaidi, ndo maana kuanza mapema kumo kwenye listi, ni suala la mwili na sio tabia. Huu mwinuko wa pili watafiti wanabishana, kuna wanaosema ni kirusi cha zamani kinaamka kinga ikianza kulegea, kuna wanaosema ni wapenzi wapya, wa mwanamke au wa mumewe. Mi naona yote yanawezekana na kwa mtu mmoja mmoja huwezi kujua ni lipi, kwa hiyo tunarudi palepale.

Halafu kuna utafiti wa Mwanza ambao naupenda kuutaja nikibishana na watu. Walipima wasichana wa shule waliosema hawajawahi kufanya ngono, wakakuta kama asilimia 8 wana HPV tayari. Watu wakisikia hivyo wanacheka, "si wamedanganya tu". Wengine labda, binti wa miaka 15 kuulizwa maswali hayo na mtu mgeni, wewe ungesema ukweli wote? Na tusisahau kuna wasichana walioingiliwa bila kutaka na hawana hata jina la kukiita kilichowapata. Lakini pia HPV inapita kwa ngozi kugusana na ngozi sehemu za siri, haihitaji tendo kamili. Hiyo hiyo ndo sababu kondomu inapunguza sana ila haizuii yote, inafunika inapofika. Itumie tu, mengine mengi inayazuia. Tohara ya wanaume nayo inasaidia, kule Rakai, Uganda, wake wa wanaume waliotahiriwa maambukizi ya HPV za hatari yalikuwa chini kwa kama asilimia 28 ukilinganisha na wenzao. Inapunguza, haifuti.

Tuje kundi la pili, la kushindwa kuiondoa. Hapa VVU ndo mfalme. Mwanamke anayeishi na VVU uwezekano wa kupata saratani ya shingo ya kizazi ni mara sita ya asiye na VVU, na ile safari ya miaka 15 mpaka 20 kwake inaweza kuwa miaka 5 mpaka 10, kwa sababu jeshi linalotakiwa kuimaliza HPV ndo hilohilo VVU inalipiga. Kwa Afrika Mashariki imekadiriwa kwamba zaidi ya robo ya saratani hizi ni kwa sababu ya VVU. Kwa hiyo dada yangu kama uko CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU), unameza dawa vizuri na wadudu hawaonekani, hongera sana na endelea, dawa zinasaidia na hapa pia, ila usiache kuulizia kipimo cha shingo ya kizazi, usisubiri wakutajie. Kwa wenye VVU ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kuanza miaka 25, na kurudia kila baada ya miaka mitatu mpaka mitano kwa kipimo cha HPV.

Sigara imo, kemikali zake zinafika mpaka kwenye ute wa shingo ya kizazi na zinadhoofisha kinga ya palepale, ingawa kwa wanawake wa kwetu wavutaji sio wengi. Uzazi mwingi umo. Vidonge vya majira ukitumia miaka mitano na kuendelea vinaongeza hatari kidogo, na hiyo hatari inashuka ukiacha. Naomba hapa mnisome vizuri kwa sababu najua kuna mtu atascreenshot aya hii aipeleke mahali: SIJASEMA mtupe vidonge. Mimba usiyoipanga kwa nchi yetu hii ina hatari zake kubwa tu, na uzazi mwingi wenyewe umo kwenye listi hiyohiyo. Ongea na mtoa huduma, na kapime, basi.

Hizo dawa za kusafisha sasa. Kuna kujiosha ndani kwa sabuni, kwa shabu, kwa maji ya limao, kuna kufukiza, kuna vile vidude vya kuingiza vinavyofungwa kwenye kitambaa wanaviita lulu sijui. Hakuna hata kimoja kinachoondoa HPV. Kinachofanyika ni kuwaua bakteria wazuri wanaolinda uke, na uke uliovurugika hivyo ni mazingira ambayo virusi vinayapenda. Yaani unalipa hela yako kumwandalia mgeni kitanda.

Kwa wale wanaoogopa kipimo chenyewe nawaelezea kilivyo, maana hofu nyingi ni ya kutojua. Nilikofanya mimi ni kituo cha afya cha serikali, bure, nesi mtu mzima kidogo, nikamwamkia, akanikaribisha kama mwanae. Kuna kitanda, unapewa khanga ya kujifunika, unalala chali unakunja magoti. Wanaingiza kifaa cha kufungulia, ni cha baridi na kinabana, hakiumizi ila hakipendezi, nisiseme uongo. Akaniambia "legeza makalio mama, ukikaza tunasumbuana". Halafu anachovya pamba kwenye siki, asidi ya siki ileile tu imepimwa asilimia 3 mpaka 5, anapaka kwenye shingo ya kizazi, inachomachoma kwa mbali, mnasubiri kama dakika moja huku anakupigisha stori za bei ya mchele, kisha anaangalia kwa tochi. Seli zilizobadilika zinageuka nyeupe. Kama hakuna weupe unavaa unaondoka. Kama upo na ni mdogo wanaweza kuutibu sikuhiyohiyo kwa kuuchoma na kifaa cha joto au kwa tiba mgando (kuugandisha kwa baridi kali), dakika chache, unarudi nyumbani kwa miguu yako.

Siki ina mapungufu, inategemea jicho la anayeangalia. Ndo maana tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linasema kipimo cha kwanza kiwe cha vinasaba vya HPV, na uzuri wake hicho sampuli unaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba, umejifungia chooni, hakuna wa kukuchungulia. Mi hapa naona ndo mlango. Mama zetu wengi hawaogopi majibu kama wanavyoogopa kuvua nguo mbele ya kijana wa miaka 26 aliyepangiwa kituo kile. Tatizo kipimo hiki bado hakijafika kila mahali, zahanati nyingi utakuta siki tu, na siki ni bora mara mia kuliko kukaa nyumbani.

Na kwanini kwa asiye na VVU wanasema apime kuanzia miaka 30 na sio 20? Kwa sababu ya ule mchoro wa umri. Ukipima mabinti wa miaka 21 utawakuta nayo kibao, utawatisha na kuwachoma bure wakati miili yao ingeimaliza. Ukiikuta kwa mtu wa miaka 35 kuna uwezekano mkubwa imekaa, ndo inafaa kufuatiliwa.

Mabinti wao wana chanjo. Tulianza na majaribio Kilimanjaro mwaka 2014, nchi nzima ikaanza Aprili 2018 kwa wa miaka 14, dozi mbili, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 mpaka 14. Rwanda walitutangulia mbali, wao 2011. Hiyo dozi moja imezua maneno, "wametupunguzia sisi maskini", wakati ushahidi wake sehemu kubwa umetoka hukuhuku: Mwanza walifuatilia wasichana 930 waliopewa dozi moja, mbili au tatu wakaona kinga ya dozi moja inasimama, na Kenya wakafuatilia wasichana 2,275 wa miaka 15 mpaka 20, dozi moja ikazuia maambukizi mapya ya 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika mwaka mmoja na nusu. Na maneno ya kwamba inafunga kizazi, hao wa Kilimanjaro wa 2014 leo ni wanawake wazima na wananyonyesha, waulizeni.

Chanjo haiondoi kirusi ulichonacho tayari, ndo maana wanawahi watoto kabla hawajaanza. Nimeulizwa sana na wenzangu wa miaka 40 kama wakanunue hospitali binafsi. Ukiwa na hela zako sikuzuii, ila kwa umri wetu hela ya kwanza ni nauli ya kwenda kupima.

Rafiki yetu wa kwenye grupu alirudi, akaangaliwa kwa siki, hakuna weupe, akapewa tarehe ya kurudia kipimo. Mumewe alitaka na yeye apimwe, akaambiwa kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida cha HPV kinachotumika, akasononeka kidogo, akaishia kuuliza binti yao wa darasa la tano atachanjwa lini.

Kwa wanaotaka kwenda wiki hii: miaka 30 mpaka 50 ndo walengwa wakuu, kwenye vituo vya serikali ni bure, ila vituo vingi vina siku maalum za hiyo huduma kwa hiyo ulizia kliniki ya mama na mtoto kwanza usije ukapoteza nauli. Usiende ukiwa kwenye siku zako. Usiku wa kuamkia kipimo pumzikeni tendo la ndoa, na usijioshe ndani kwa chochote. Vaa sketi au dera, suruali inakusumbua tu. Na ukiwa unatoka damu baada ya tendo, au ulishakoma hedhi halafu damu imerudi, usisubiri siku maalum wala kampeni, nenda kesho asubuhi na uwaambie hivyohivyo.